Siku ya Kumi Msimtoe

Haya niliyaongea Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa shule ya msingi hapa mtaani kwetu. Wazazi wengi walikuwa wamesimama nje madirishani hawakusikia vizuri, wakaomba niandike, kwa hiyo nimeandika vilevile nilivyoongea.

Shikamooni wazazi wangu. Wadogo zangu mambo vipi. Namshukuru mwenyekiti wa mtaa kwa kunipa nafasi, namshukuru shehe wetu na mchungaji wetu, leo wamekaa meza moja kwa ajili ya watoto wetu na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Wengi humu mnanijua. Mi ndio yule wa nyumba ya geti la kijani karibu na kwa muuza mkaa, yule mliyekuwa mkimuona anapita mnaanua nguo kambani haraka haraka. Nimekula unga, yaani heroini, miaka 11. Leo nina miaka 9 sijagusa na nafanya kazi ya ushauri kwenye soba hausi, zile ambazo serikali inaziita nyumba za upataji nafuu. Sijaja kuwatisha kuhusu unga, unga mnaujua, mmeshazika. Nimekuja na jambo moja na nitalizunguka hilohilo: mtoto wako akiingia soba, akakaa siku kumi, mashavu yakarudi, akaanza kucheka, msimtoe. Hajapona. Ndio kwanza yuko mlangoni.

Ngoja niwaambie hizo siku kumi zikoje maana wazazi wengi huwa hamzioni, mnatuacha getini mnarudi nyumbani kuomba dua.

Mara yangu ya kwanza niliingia Alhamisi jioni. Nilikuwa nimevuta saa nane mchana nyuma ya stendi, ile ya kuagia, karibu wote tunafanya hivyo. Ilipofika saa nne usiku nikaanza kupiga miayo, miayo ambayo sio ya usingizi, kila mwayo mmoja machozi yanatoka na kamasi zinashuka kama mtoto mwenye mafua. Saa saba usiku vinyweleo vimesimama mwili mzima, nasikia baridi, na ni Dar es Salaam mwezi wa pili jamani, mi nimejifunika blanketi mbili na huku jasho linatiririka. Afu miguu. Miguu inajirusha yenyewe, unaikunja inakunjuka, unailalia inatetemeka, mifupa kama kuna mtu anaisaga kwa ndani. Kulikuwa na ndoo ya bluu pembeni ya kitanda, hiyo ndoo nimeikumbatia usiku mzima, tumbo likikaza natapika na nikitapika nasikia huku chini nako kunaachia. Mtu mmoja alikuwa anafua nje, ile harufu ya sabuni ikiingia tu dirishani natapika tena. Hiyo ndio arosto wazazi wangu, mtoto anapokuibia simu asubuhi anakuwa anaikimbia hiyo, starehe ilishaisha zamani sana, anaiba ili awe mzima kwa masaa sita.

Kitanda cha pili alilala kijana mmoja wa Mbagala, alikuwa amenitangulia siku tano. Aliamka akaja kukaa chini sakafuni, akanikanda miguu na mafuta ya nazi mpaka adhana ya alfajiri. Hata jina hakuniuliza. Huyu kijana nitarudi kwake.

Kitaalamu iko hivi, na hili nimelisoma darasani na nimelisikia mwilini. Unga ukiutumia kila siku mwili unajipanga upya kuuzunguka, unaacha kujitegemea. Ukikata, kila kitu ambacho unga ulikuwa umekizima kinawaka kwa pamoja. Kwa heroini inaanza kati ya masaa 6 na 12 toka dozi ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndio kilele, na wiki ikiisha tumbo na mifupa vinakuwa vimetulia kwa wengi. Yenyewe arosto ya unga huwa haiui mtu ambaye mwili wake uko sawa, ila kutapika na kuharisha bila kunywa kitu kunaua, kwa hiyo maji, ORS, uji mwepesi wa chumvi kidogo, na muuguzi wa kumpima. Daktari anaweza kuandika dawa za kupunguza makali, za tumbo, za maumivu, za usingizi. Sio lazima mtu ateseke ndio aonekane ametubu.

Lakini sikilizeni hapa vizuri, hasa wenye vijana wa gongo na viroba na wale wa valiamu: pombe ni kitu kingine kabisa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ukimfungia ndani ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, anaona vitu, anatetemeka, moyo unakimbia, na hiyo inaua. Vidonge vya valiamu na jamii yake vivyo hivyo. Huyo hatolewi sumu, yaani hakatishwi, nyumbani wala soba, anaanzia hospitali anapunguziwa taratibu. Na binti mjamzito anayetumia unga msimkatishe ghafla mkadhani mnamuokoa mtoto tumboni, kukata ghafla kunaweza kuleta mimba kuharibika au uchungu kabla ya wakati. Mpelekeni kliniki, kuna dawa yake na nitaisema.

Na kuhusu minyororo. Kabla ya hiyo Alhamisi nilishapelekwa sehemu moja, sitaitaja, wakanifunga mnyororo mguuni siku nne, chakula kinawekwa mlangoni, ukilia unapigwa na waya kwamba shetani anatoka. Kovu lipo hapa kwenye kifundo, mwenyekiti umeliona. Nilitoka pale nina hasira na kila mtu aliyenipeleka na nilitumia siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukienda kuiangalia nyumba ya kumpeleka mwanao uliza: usiku wa kwanza anakaa na nani? Akizidiwa anapelekwa hospitali gani na kwa gari gani? Imesajiliwa? Naruhusiwa kuja kumuona lini, na naruhusiwa kuona anapolala? Mwenye nyumba akianza kukukwepa kwenye hilo la kulala, beba mwanao uondoke. Chumba cha watu sita ni sawa, godoro chini ni sawa, hatuna hela jamani, ila kufuli kwa nje usiku sio sawa, moto ukitokea watateketea wote.

Sasa siku ya kumi.

Mama yangu yupo pale, mstari wa tatu, mwenye mtandio wa zambarau, na jana kanipa ruhusa niseme hili. Siku yangu ya kumi, Jumamosi, alikuja na hotpoti la pilau na shati jipya la bluu bado lina karatasi kwenye kola. Aliponiona alilia. Alikuwa hajaniona nimenyoa ndevu miaka mingapi, nimekaa, nakula, namjibu anachoniuliza. Akamwambia msimamizi, mwanangu amepona, hela yenyewe ya mwezi wa pili sina, naomba niende nae. Msimamizi alimkatalia vizuri tu, akamwambia mama subiri walau miezi mitatu, mama akaona huyu anataka hela. Na mi mwenyewe nikamsaidia mama! Nikasema nimeshajifunza, mimi nipo sawa, naijua nafsi yangu. Nilikuwa sidanganyi, nilikuwa naamini kabisa. Nikavaa lile shati hapohapo tukapanda daladala. Tulifika nyumbani saa tisa, saa kumi na mbili nilishakuwa nyuma ya stendi.

Nilivuta kidogo sana, na sio kwa akili yangu. Ni kwa sababu sikuwa na hela, niligawana kete moja na watu wawili.

Yule kijana wa Mbagala alitolewa wiki ileile, yeye alikuja kuchukuliwa na kaka yake, kaka mzuri tu mwenye upendo, akampa na elfu ishirini ya kuanzia maisha. Siku ya tatu wakamkuta chooni. Alichukua kipimo chake kilekile cha zamani.

Naomba hili mlielewe kabisa maana ndilo lililonileta hapa. Mpagazi wa bandarini aliyezoea gunia la kilo mia analibeba kila siku na anatembea nalo. Mlaze huyo mpagazi mwezi kitandani afu siku ya kwanza akiamka mtwike gunia lilelile, litamvunja mgongo. Mwili wa mtu anayekula unga kila siku umeuzoea, unabeba kipimo ambacho mimi na wewe tungekufa. Akikaa siku kumi bila, ule uzoefu unashuka haraka sana. Lakini kichwa chake hakijui kwamba umeshuka, kichwa kinakumbuka kipimo cha zamani, na mkono unafuata kichwa. Ndio maana wiki za mwanzo baada ya kutoka soba, au kutoka jela, au hata kutoka wodini alikolazwa kwa malaria kali, ni wiki za hatari kuliko hata zile alizokuwa anatumia kila siku. Tafiti za nchi nyingi zimelionesha hilo na mimi nimelibeba kwenye jeneza. Kutoa sumu peke yake bila kinachofuata kunaweza kumuacha mtoto wako kwenye hatari zaidi ya ulivyomkuta. Najua ni neno gumu kwa mzazi aliyeuza kitu ili alipe.

Kwa hiyo nini kinachofuata, nini kinafanyika huko miezi minne, miezi sita, ambacho hakiwezi kufanyika siku kumi?

Kwanza usingizi. Watu hawajui hili, arosto ikiisha usingizi haurudi, unaweza kukaa wiki sita unalala masaa mawili, moyo umekufa ganzi, chakula hakina ladha, hakuna kinachokufurahisha, mwanao anaweza kuja akakwambia nilikuwa na raha zaidi nilipokuwa naumwa. Mwili unajijenga taratibu na hauna haraka na ada yako. Pili ni vile vitu vidogo. Mimi mwezi wa pili, safari yangu ya pili soba, nilikuwa jikoni zamu yangu, mwenzangu akafungua pakiti ya sigara akatupa ile karatasi ya fedha ya ndani, ikaanguka karibu na mguu wangu, mara tumbo likakaza, jasho, mate yakajaa mdomoni, mwili wote unaujua ule mng'ao kwa sababu ndio tulikuwa tunavutia. Karatasi tu! Fikiria hiyo ingenikuta nyumbani peke yangu saa kumi na mbili jioni. Pale kulikuwa na watu kumi na nne wanaoelewa, nikasema kwa sauti, jamani nimeshikwa, wakaacha vyungu tukakaa chini tukaongea mpaka ikapita. Ilichukua kama dakika ishirini. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba ile hamu huwa inapita, miaka 11 nilikuwa naamini isipotulizwa haiishi.

Siku yenyewe ya soba ni ya kawaida sana ukiiangalia. Kuamka saa kumi na moja, wanaosali wanasali, usafi, uji, mkutano wa asubuhi, darasa, kazi, chakula, mkutano tena. Nyumba nyingi zinafuata zile hatua 12 za Narcotics Anonymous, chama cha waraibu wanaosaidiana kuacha kilichoanza California mwaka 1953, Zanzibar soba hausi zilianza 2009 na huku bara zikaenea. Wengine wana wasiwasi na hizo hatua kwamba ni dini ya kigeni. Shehe hapa ni shahidi, nilimletea akazisoma, kukiri umeshindwa, kumtegemea Mungu, kujihesabu, kuwaomba radhi uliowadhulumu na kurudisha ulichochukua, akaniambia hii ni toba yenye mpangilio. Neno letu kubwa ni "leo tu". Mtu haambiwi aache maisha yake yote, anaambiwa leo tu, na kesho ataambiwa tena leo tu.

Kuna hatua ya kurudi kwa uliowakosea. Mimi orodha yangu ilikuwa na watu 63, baadhi mpo humu ndani. Mama muuza vitumbua, ile sufuria yako kubwa niliyoiba nilikuletea nyingine miaka minne baadae, ukakataa kuipokea mpaka nikae kwanza nile vitumbua. Sijasahau.

Nasema haya kwa kirefu kwa sababu mzazi anayelipa anataka kujua analipia nini. Unalipia muda, na watu wa kukaa nae kwenye huo muda.

Nakuja kwenye methadone, ile dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya unga, na hapa najua hata wenzangu wa soba hawatapenda. Wapo wanaosema methadone ni kubadilisha unga kwa unga wa serikali. Hata mimi nilisema hivyo miaka mingi na nilikosea na nilimkosesha mdogo wangu wa kike muda ambao hautarudi. Yeye aliingia kwenye unga nyuma yangu, kwa mkono wangu, nalisema hili mbele yenu. Soba za kinamama ni chache mno, ile tuliyopata alikaa akatoka akarudia, akakaa akatoka akarudia. Mara ya nne alikuwa anajidunga. Kuna muuguzi akaniuliza, unataka mdogo wako awe msafi au unataka awe hai kwanza?

Hii dawa hapa kwetu ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaja Mwananyamala 2012, Temeke 2014, Zanzibar wakaanza Kidongo Chekundu, na sasa kliniki ziko zaidi ya kumi nchini mpaka mikoani. Kenya nao walianza mwisho wa 2014. Ni bure. Mtu anaenda kila siku asubuhi, anapewa kikombe chake kidogo anakunywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima kwa hiyo hapati arosto, na kikipatikana kipimo chake sahihi halewi, anaenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Na kwenye tafiti, walio kwenye methadone wanakufa kwa uchache sana kuliko wenzao walio nje, wanaacha sindano, na yule mwenye virusi vya UKIMWI anameza ARV zake vizuri kwa sababu kila asubuhi anaonana na muuguzi. Mjamzito ndio anapewa hiyo. Kwenye kliniki hizohizo wanapima kifua kikuu na homa ya ini.

Mdogo wangu ana miaka mitano anaenda kliniki kila asubuhi, Idi, Krismasi, mvua, kila siku. Anauza samaki wa kukaanga. Mwanae yuko darasa la pili. Nikiulizwa amepona au hajapona, najibu kwamba jana alinipigia simu tumeongea kuhusu bei ya mafuta ya kula.

Kwa hiyo mi siwaambii soba ni bora au methadone ni bora. Kijana wa miaka 19 aliyeanza mwaka jana, anavuta, ana familia, mpelekeni soba akae muda wake. Mtu aliyejidunga miaka kumi na akarudia mara tatu, msiendelee kumrudisha kulekule mkitegemea mara ya nne, mpelekeni kliniki ya methadone kesho asubuhi. Na akiwa kliniki msimsukume aache haraka eti imetosha, hiyo ni siku ya kumi nyingine kwa jina lingine.

Baba mmoja aliniuliza hapo nje kwamba kwa nini serikali isikamate tu unga wote mambo yaishe. Wanakamata, Desemba 2023 Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya ilitangaza zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini, mzigo unatoka Afghanistan unavuka bahari na majahazi mpaka pwani yetu, na mi naunga mkono wakamate. Ila mwisho wa 2010 kuingia 2011 unga ulikatika pwani ya Kenya, ndugu zetu Mombasa wakajaa hospitali na arosto, wengine wakachanganya vidonge na chochote walichopata. Unga ukikatika mraibu bado yupo. Anahitaji kitanda. Na hapa nina kilio changu: methadone ni bure lakini kitanda cha soba familia inalipa yenyewe, na anayeumia ni maskini. Mama yangu aliuza cherehani. Mafundi humu mnajua maana ya kuuza cherehani. Mwenyekiti naomba hili ulipeleke kwenye kata, kila tukikaa tunaongelea ulinzi shirikishi, tuongelee na vitanda.

Siku akitoka sasa, baada ya miezi yake. Wengi mnamfanyia sherehe, mnaita ndugu. Msifanye, ana aibu na watu wengi wanamchosha. Kabla hajafika, laini ya simu mpya, ile ya zamani ina namba za mapusha wote na wao hawasahau mteja. Kama unaweza akae kwa shangazi mtaa mwingine miezi ya kwanza, fanya hivyo. Hela mkononi hapana, sio kwa sababu ni mwizi, ni kwa sababu noti ya elfu kumi mfukoni inaongea. Mnunulie anachohitaji, na akianza kibarua mkubaliane nani anamtunzia. Awe na mahali pa kuwa saa kumi na mbili jioni, kila mtu ana saa yake mbaya, muulize yake ni ipi, atakwambia. Na mikutano aende, hata kama mnaona amekaa sawa. Kitu kingine, neno teja. Akiosha vyombo vizuri ni mwanetu, ikipotea sahani ni teja. Anasikia.

Akirudia, mrudisheni siku hiyohiyo, hata ikiwa mara moja tu. Msisubiri azame. Kurudia kunatokea, kwenye ugonjwa huu kunatokea kama presha inavyopanda kwa mtu aliyeacha vidonge, na anayeona aibu kusema ndio anayejifungia chooni peke yake. Mwambieni kabla: ukirudia niambie mimi wa kwanza, sitapiga kelele. Na kweli usipige.

Na mkimkuta amezidisha, hili kila mtu humu alijue mpaka watoto. Anakoroma mkoromo wa ajabu, au pumzi zinakuja moja moja mbali mbali, ukimtikisa haamki, mboni zimekuwa kama tundu la sindano, midomo na kucha zimebadilika rangi kuwa kama majivu au bluu. Msimmwagie maji. Msimnyweshe maziwa, maziwa kwa mtu asiyejitambua yanaingia mapafuni. Msimtembeze. Msiseme mwacheni alale itaisha. Akiwa anapumua mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Pumzi zikikatika mpulizie mdomo kwa mdomo, umemuinua kidevu na kumbana pua, pumzi moja kila baada ya sekunde tano, na mwingine akimbie kutafuta bajaji. Hospitalini semeni ukweli kwamba ni unga, kuna dawa inaitwa naloksoni inaondoa nguvu ya unga ndani ya dakika chache, lakini daktari asipoambiwa atapoteza muda kutafuta malaria. Na akiamka msimuache aondoke, hiyo dawa inaisha kabla ya unga, anaweza kuzima tena. Yule kijana wa Mbagala alikuwa na watu nyumba nzima, walimsikia akikoroma chooni. Wakadhani amelala.

Naomba nimalizie na safari yangu ya pili, kwa kifupi. Niliingia tena baada ya mwaka na miezi miwili. Siku ya kumi mama akaja, hotpoti lilelile, na lile shati la bluu amelifua amelipiga pasi. Nilimuona dirishani nikaanza kufunga mfuko wangu. Hakuingia. Alimpa mlinzi hotpoti na shati, akasimama getini kama dakika tano, akageuka akaenda kusubiri daladala. Nilimchukia siku ile, nililia, nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazazi. Lile pilau sikula. Nilikula siku iliyofuata limeshapoa, na nilikaa pale miezi saba.

Asubuhi ya leo nimepigiwa simu na mama mmoja wa mtaa huu. Mwanae ana siku ya nane, amempigia mara tatu toka jana anamwambia mama mi niko sawa njoo unichukue. Mama, najua upo humu ndani na sitakutaja. Jumatatu saa nne asubuhi nitakuwa kituoni nakusubiri. Pika chochote anachopenda, hotpoti nitabeba mimi. Tutamuona kwa dirisha, tutaacha chakula, na tutarudi wawili.